Cheti cha Zimamoto Hakithibitishi Ubora wa Mtungi wa Kuzimia Moto

Tangu ukaguzi wa mitungi ya kuzimia moto kwenye maduka na nyumba za wageni uanze Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, swali tunaloulizwa kila siku ni moja: "Zimamoto wamenikagua, tozo nimelipa, watu wa viwango mnataka nini tena?"

Ndugu wananchi, hizo ni kazi mbili. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, hukagua jengo lako: njia za kutokea, idadi ya mitungi na mahali ilipotundikwa. Sisi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2009, tunaangalia mtungi wenyewe. Hakuna anayeweza kutambua kwa macho kama kilichomo ni unga wa kuzimia moto au chokaa. Hilo ni la maabara.

Wengine wasipoona alama ya ubora ya TBS hupiga kelele kuwa mtungi ni feki. Kwa mtungi wa nje si lazima iwepo. Bidhaa ya nje hukaguliwa ilikotoka na kupewa cheti cha ulinganifu, yaani cheti kuwa inakidhi kiwango. Isipokuwa nacho, sampuli huchukuliwa inapofika, hutiwa lakiri mbele ya mwenye mzigo, hujaziwa fomu ambayo pande zote mbili husaini, hupelekwa maabara, na mzigo hauruhusiwi kuuzwa hadi majibu yatoke. Alama za ubora za nchi wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zinatambuliwa. Kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe cheti, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Bila risiti, malalamiko yako hatuna pa kuyashika.

Sasa lebo, maana hapa ndipo Kigoma tuna tatizo letu. Mitungi inayopita Manyovu, mpakani na Burundi, au kushushwa na maboti ya ziwani pale Kibirizi mara nyingine ina maelekezo ya Kifaransa pekee. Lebo inatakiwa iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kijana wa zamu gesti atasoma nini moshi ukishatanda?

Msikariri tu herufi zinazoonyesha aina ya moto. C kwenye lebo ya mfumo wa Ulaya ni moto wa gesi. Kwenye lebo ya Marekani ni moto wa umeme. Soma maneno na utazame michoro. Wenye maboti, mtungi wa maji hauzimi petroli, unaisambaza. Nimeukuta ndani ya boti lenye madumu ya mafuta, na nahodha akaniambia "mtungi ni mtungi". Hapana!

Na stika ya fundi aliyejaza mtungi si alama ya ubora. Mtungi uliopigwa rangi upya hadi namba zilizogongwa kwenye chuma zikafunikwa, usinunue hata ukipunguziwa bei: tarehe ya kupimwa kwa shinikizo imefichwa hapo, na pengine kutu pia. Mshale wa geji, kile kipimo cha shinikizo, uwe kwenye kijani. Mitungi ya kaboni dioksidi kwa kawaida haina geji. Hupimwa kwa mizani, na gesi ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 hurudishwa kujazwa.

Muuzaji akikutwa na bidhaa isiyokidhi kiwango, mzigo huzuiwa, hurudishwa ulikotoka au huteketezwa, na gharama ni zake. Akifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani, ni faini ya mamilioni ya shilingi, kifungo, au vyote viwili. Kusema "niliuziwa hivyo hivyo" hakurudishi mzigo, na kila wiki tunaambiwa hivyo.

Mwenye duka aliyekwisha kununua mitungi anayoitilia shaka aiondoe kwenye rafu na kutoa taarifa ofisini kwetu akiwa na nyaraka za manunuzi. Hatuahidi msamaha, kwa sababu uamuzi hutegemea majibu ya vipimo. Ila mitungi hiyo isiuzwe kwa mtu mwingine wakati tunasubiri majibu, hata kwa bei ya chuma chakavu.