S'mores zilianzia kitabuni mwaka 1927?

Wengi wanaamini kwamba s'mores, kitindamlo cha moto wa kambi huko Marekani, zilibuniwa na skauti wa kike mwaka 1927. Imani hiyo ina msingi: mwaka huo kitabu chao cha mwongozo kilichapisha mapishi yaitwayo "Some Mores", maana yake "nyingine zaidi". Unabanika mashimelo (peremende laini ya sukari) kijitini hadi iwe rangi ya kahawia na ndani ilainike, unaibana na kipande cha chokoleti katikati ya biskuti mbili za graham (za unga wa ngano usiokobolewa). Kitabu kiliongeza, kwa utani kidogo, kwamba ingawa utamu wake unaita nyingine, moja inatosha. (Sijui nani alitii!)

Ila kuchapisha si kubuni. Kubanika mashimelo kulishakuwa burudani Marekani tangu miaka ya 1890. Na mwaka 1913 tayari dukani kulikuwa na Mallomars: biskuti, juu yake mashimelo, vyote vimevikwa chokoleti. Mchanganyiko ulikuwepo, kitabu kiliuandika kama mapishi ya motoni, pamoja na jina. Mtu wa kwanza kuubana hivyo hajulikani.

Ukikutana na dai la "wa kwanza", uliza: wa kwanza kufanya, au kuandika? Kisha pekua magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni, ukitafuta jina la kale pia. Ukiandika "s'mores" pekee, "Some Mores" ya 1927 huenda isijitokeze kabisa.