Kibali cha kiwanda si mwisho wa maneno

Kila kiwanda kipya kinapotajwa, ujumbe huu hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp nchini Kenya: kibali kikishatoka, raia hana lake, anayeweza kushtaki ni mwenye hati ya shamba la jirani tu.

Si kweli. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Kisome mwenyewe, ni kifupi, na Katiba inapatikana bure mtandaoni. Leseni ya mazingira nayo hukatiwa rufaa, ila ndani ya siku 60. Anayeuamini ujumbe huu hukaa kimya hadi muda umpite.

Naelewa mkanganyiko unakotoka. Mtu anaona bango la bati lenye nambari ya idhini, katapila linachimba, anadhani mambo yamekwisha. Tena idhini ya ujenzi ya kaunti ni karatasi moja, leseni ya mazingira ni nyingine. Kushtaki si kushinda, hilo ni kweli.

Ukitumiwa tena, tafadhali usiusambaze. Uliza nambari ya leseni na tarehe ilipotolewa.