Mpunga pori una kitu cha kutupatia

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na bwana shamba wa siku nyingi: "Mtaalamu, mpunga pori punje zake nyembamba, nyekundu, zina ndevu, na zinapukutika kabla ya mundu kufika. Utatuongezea mavuno kwa kipi?"

Kasoro hizo zipo, lakini si ngumu kuziondoa. Jeni ya sh4, iliyo kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 4, ndiyo hasa inayopukutisha punje. Rc, kromosomu ya 7, inatia wekundu. Unachanganya pori na mpunga wa shambani, kisha unarudisha uzao kwa mzazi wa shambani, yaani unauchanganya naye tena, huku ukichagua. Chotara wa kwanza ana nusu ya jeni za pori. Ukirudisha mara moja hubaki robo, mara mbili asilimia 12.5.

Kinachonikera ni imani kwamba mmea unaozaa kidogo hauna jeni ya kuzaa sana. Unaweza kuwa nayo, ila imezidiwa na zinazouvuta chini! Mwaka 1996 watafiti wa Marekani na China walichapisha matokeo ya kuchanganya Oryza rufipogon, mpunga pori wa Asia, kutoka Malaysia, na mpunga chotara wa China. Vipande viwili vya jeni za pori, kwenye kromosomu ya 1 na ya 2, kila kimoja kilipandisha mavuno, kimoja asilimia 18, kingine 17. Mmea uliovitoa ungeuona shambani ungeung'oa.

Nikiri pia: kipande kinachong'ara ndani ya mzazi mmoja huweza kunyamaza kabisa ndani ya mwingine, na huwezi kujua mpaka upande. Tena jeni haiji peke yake. Chukua Oryza glaberrima, ambao si pori, ni mpunga wa kulimwa wa Afrika Magharibi. Ukiuchanganya na wa Asia, chotara anakuwa na chavua gumba kwa sababu ya jeni ya S1, kromosomu ya 6: chavua yenye nakala ya Asia hufa, yenye nakala ya Afrika hupita. Jirani yake ni Wx, inayoamua wali uchambuke au unate. Kwa hiyo unaweza kujikuta umebadilisha wali wa watu bila kukusudia, na ugumba bado unao. Hapo ndipo miaka yetu sisi wazalishaji wa mbegu inapoishia.

Bwana shamba, Oryza longistaminata, mpunga pori wa Afrika, akiingia jarubani mng'oeni na mashina yake yote yanayotambaa chini ya udongo, maana kipande kikibaki anachipua upya. Wale wa kandokando ya mto, mbali na mashamba, naomba muwaache.