Mageuzi ya shujaa katika tendi

Mageuzi ya shujaa ni mabadiliko ya tabia na fikra yanayompata mhusika mkuu wa utendi kati ya siku anayotoka kwao na siku anayorudi. Wengi huyaeleza kama nyongeza: shujaa anatoka, anaua majitu, anarudi na nguvu zaidi. Ukizisoma tendi zenyewe, mara nyingi safari humpunguza.

Mfano wa kale sana ni Gilgamesh, mfalme wa Uruk, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Mwanzoni ni mwonevu, hata raia wanaililia miungu yao. Anaumbwa Enkidu wa kumkabili. Wanapigana, kisha wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Wanakwenda pamoja msitu wa mierezi, wanamuua mlinzi wake, Humbaba. Hapo Gilgamesh hajabadilika bado. Kiburi tu ndicho kimepanda.

Kinachomgeuza ni kifo cha Enkidu. Anakaa na maiti siku sita na usiku saba, hataki izikwe, mpaka funza anadondoka puani. Ndipo anapokiogopa kifo chake mwenyewe, anavaa ngozi ya simba na kumfuata Utnapishtim, mzee aliyenusurika gharika akapewa uzima wa milele. Mzee anamtaka akae macho siku sita na usiku saba. Kijana wa watu anasinzia palepale. Baadaye anaambiwa kuna mmea wa kurudisha ujana chini ya maji. Anajifunga mawe miguuni, anazama (wavuvi wa hapa Mwanza wanaofunga mawe kwenye nyavu wataielewa hesabu hiyo), anauchuma. Njiani anaingia kuoga, nyoka anauiba. Anaketi, analia.

Anarudi Uruk mikono mitupu, kisha anamwonyesha mwenye mtumbwi aliyefuatana naye ukuta wa mji. Sifa za ukuta huo msimulizi alishazitaja mwanzoni. Sasa anazisema Gilgamesh mwenyewe, mtu aliyekubali kwamba atakufa na ukuta utabaki.

Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca katika utendi wa Wagiriki, ana utata. Miaka 20 nje ya Ithaca, na ujanja aliotoka nao ndio aliorudi nao, kwa hiyo mimi simweki mstari wa mbele. Ila tazama jambo moja: baada ya kumpofusha Polyphemus, jitu la jicho moja, alishindwa kujizuia, akapaza sauti kutaja jina lake, na Poseidon, mungu wa bahari na baba wa jitu hilo, akamsumbua baharini kwa sababu hiyo. Nyumbani anaingia kama ombaomba, anatukanwa katika sebule yake, na jina analimeza.

Usukumani tuna Masala Kulangwa. Ni ngano, si utendi, lakini safari ipo. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu na mifugo, amebaki mjamzito mmoja aliyejificha. Mtoto anakua, anatoka kulisaka zimwi, anarudi na panzi, siku nyingine ndege, siku nyingine mnyama, na kila mara anamuuliza mama kama ndilo. Bado, mwanangu. Mwishowe analiua kweli, anapasua tumbo, watu wanatoka, baba yake akiwemo.

Lakini kisu kimemkata sikio bibi kizee mmoja, naye hana habari na kuokolewa, anataka kumroga. Kijana aliyekuwa akimuuliza mama kila kitu inambidi atafute dawa mwenyewe, amtibu yule bibi, ndipo watu wamfanye mtemi.