Maua ya asili nyumbani: maana yake na kazi yake katika ardhi kavu ya Dodoma

Ua la asili la mahali fulani ni mmea wa maua ulioota hapo vizazi na vizazi bila kuletwa na mtu kutoka mbali. Umezoea udongo wa hapo, mvua ya hapo na kiangazi cha hapo. Wadudu, ndege na wanyama wa hapo nao wameuzoea: wanajua unachanua lini, wanapata chakula ndani yake, na wengine hutaga mayai juu ya majani yake na si kwingine. Tunapozungumzia bustani za nyumbani, huo uhusiano na viumbe ndio unaosahaulika kwanza.

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Mimea ya asili ya hapa inaishi kwa hesabu hiyo. Ipo inayoota mvua ya kwanza ikigusa ardhi, ikachanua na kutoa mbegu haraka, kisha ikafa na kuziachia mbegu zake kazi ya kungoja msimu mwingine. Mshubiri huweka akiba ya maji kwenye majani. Mgunga huzamisha mizizi mbali. Hakuna hata mmoja kati yao anayedai ndoo ya maji kila jioni mwezi wa Septemba, na katika mji unaotegemea sana visima vya bonde la Makutupora na Mzakwe, na ambako mgao wa maji si habari ngeni, hilo peke yake linatosha kuwapa nafasi uani.

Sasa tazama tunachopanda. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Mjakaranda nao ni wa huko. Mkrismasi wenye maua mekundu ulitoka Madagaska, mwarobaini ukatoka Asia ya Kusini, na alovera ya kwenye ndoo ni ya Rasi ya Arabuni. Sisemi ing'olewe. Mwarobaini umetupa kivuli na dawa, na mtu aliyekulia chini ya mkrismasi ana haki ya kuupenda. Ninachosema ni kwamba uwanja uliojaa mimea hiyo peke yake unaweza kuwa wa kijani kabisa na bado ukawa na chakula kidogo kwa viumbe wa Dodoma.

Kuota porini pia hakuufanyi mmea kuwa wa asili. Kishona nguo, kile kinachong'ang'ania suruali ukikatiza viwanja visivyojengwa, kilitoka Amerika. Gugu karoti lililosambaa Arusha nalo lilitoka huko, na hilo ni la kuogopwa kweli: linawasha ngozi, linadhuru mifugo na linasonga mimea mingine. Ukiliona uani kwako vaa glavu uling'oe kabla halijachanua. Wala kuwa wa Tanzania hakutoshi. Lile ua dogo la zambarau la Usambara, lililopewa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893 na sasa linapambwa madirishani Ulaya na Marekani, ni Mtanzania halisi, lakini kwao ni kwenye kivuli na unyevu wa misitu ya milimani. Lilete Nzuguni, hapa Dodoma, ulipande juani, halitaona mwisho wa wiki. Uasilia unapimwa kwa mahali: kwa udongo, mvua na majirani.

Majirani wenyewe ni akina nani? Hapa ndipo inapoingia dhana ya uchavushaji. Ua lina chavua, ule unga wa njano unaobaki kidoleni ukiligusa. Chavua ikitoka sehemu ya kiume ya ua ikafika sehemu ya kike, mbegu na tunda huanza kuumbika. Mimea mingine hutumia upepo, mingine hujichavusha yenyewe. Mtama na uwele, nguzo za chakula cha Wagogo, havihitaji mdudu. Zabibu zetu nazo hazitegemei nyuki kwa kiasi kikubwa, na haisaidii kitu kuwatisha wakulima wa zabibu kwa hoja ambayo si yao.

Lakini tembelea shamba la matikiti maji. Kila mche una maua ya kiume peke yake na ya kike peke yake. La kike utalitambua kwa kitikiti kidogo kilicho chini ya ua. Hufunguka asubuhi na nafasi yake ni siku hiyo hiyo, hivyo nyuki asipofika, kile kitikiti hunyauka na kudondoka. Akifika mara chache tu, tunda hutoka limepinda upande mmoja. Maboga na matango ni vivyo hivyo. Alizeti ya Dodoma na Singida hujaza mbegu vizuri zaidi ikitembelewa na nyuki wengi. Nyanya ina kisa chake: chavua yake imefungiwa ndani ya vijibomba vidogo, na hutoka vizuri ua likitikiswa kwa mtetemo. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye watu wengi humwua kwa kandambili wakidhani ni adui. Hushika ua, hutetemesha misuli ya mabawa, na chavua humwagika. Mwache.

Wachavushaji ni wengi kuliko nyuki wa mzingani. Duniani zimeshatambuliwa aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na sehemu kubwa haitengenezi asali ya kuvuna wala kuishi kwa makundi. Jike mmoja huchimba kishimo chake ardhini au hukaa kwenye bua lenye uwazi, akaweka mayai na chakula, basi. Hana mzinga wa kulinda, kwa hiyo hana sababu ya kukufukuza. Wapo nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao inathaminiwa sana kama dawa. Wapo vipepeo, nondo, mbawakawa na nzi wenye mistari wanaofanana na nyigu. Wapo ndege chozi wanaonyonya maua mekundu ya mishubiri. Na mbuyu, mti ambao Dodoma haiwezi kuelezwa bila kuutaja, hufungua maua yake meupe usiku, yakining'inia kuelekea chini, na popo wala matunda ndio wanaoyachavusha, wakisaidiwa na nondo wakubwa. Ubuyu unaouzwa kandokando ya barabara kuu umepitia kwa popo.

Viumbe hawa wanahitaji maua yanayofuatana. Wakati wa mvua kuna karamu kila mahali. Shida ni baada ya Mei, pori likikauka. Migunga, milama na mishubiri ni msaada mkubwa kwa sababu mingi huchanua wakati mimea midogo imekwisha, na mbuyu huchanua mvua ikikaribia. Anayepanda nyumbani afikirie hivyo, awe na kitu cha masika na kitu cha kiangazi.

Na wanahitaji zaidi ya asali ya ua. Hili ndilo ningependa lieleweke kuliko yote. Kipepeo mzima anaweza kunyonya hata ua la kigeni, lakini kiwavi wake huchagua. Baadhi ya vipepeo weupe wanaopita kwa makundi maeneo makavu huhitaji mgagani na ndugu zake kwa ajili ya viwavi vyao. Mgagani na ndugu zake wakikosekana, bustani yenye maua ya kila rangi haizai kipepeo hata mmoja wa aina hiyo. Bogenvilia ni mfano mwingine wa kung'aa bila kushibisha: zile rangi kali ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kitu kidogo cheupe katikati, chembamba, ambacho nyuki wengi hawapati la maana humo. Vivyo hivyo waridi za dukani zilizozalishwa ziwe na petali nyingi mno: mdudu huzunguka juu yake asione mlango.

Mgagani, mlenda wa porini, ufuta mwitu: haya ndiyo maua ya asili ambayo kina mama wa Dodoma wanayajua kwa majani. Mlenda unaokaushwa na kutwangwa kwa ajili ya kiangazi hutoka kwenye mimea ambayo, ukiiacha michache ikue badala ya kuivuna yote, hutoa maua ya waridi na zambarau yenye umbo la kengele, na nyuki huingia humo mzima mzima. Mtu anayeanza sina bustani ya kumshauri iliyo nzuri kuliko hiyo. Utachuma mboga Januari na kuacha maua Februari. Ukitaka rangi, ongeza mshubiri wa kienyeji wenye maua mekundu, na ule mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina kwa mafungu yenye miiba, unaoota kando ya mashamba. Ndege chozi wataupata wenyewe. Gloriosa, ua linaloparamia mimea mingine, lenye ndimi nyekundu na njano, ni la asili na ni zuri mno, lakini mmea wote ni sumu, hasa kiazi chake. Kwenye watoto wadogo usiupande.

Najua kikwazo. Kwetu uwanja uliofagiwa ukabaki udongo mtupu ni heshima ya nyumba, na una sababu: nyoka, nge na mbu. Sababu hizo ni za kweli, kwa hiyo kona ya maua ikae mbali na mlango na madirisha, ipakane na njia iliyofyekwa, na pasiwe na makopo yanayotuama maji. Mita mbili kwa tatu zinatosha kuanzia. Zungushia mawe au matawi ya miiba, ili mbuzi wasiingie na jirani aone kwamba ni bustani, si uzembe. Na udongo mtupu una faida yake pia, kwa kuwa nyuki wengi wanaoishi peke yao huchimba humo. Kinachowafungia kabisa ni pevingi, yale matofali ya saruji ya kusakafia uwanja, kutoka ukuta hadi ukuta, ambayo sasa imekuwa fasheni katika mitaa ya Kisasa na Ilazo na kila mtaa mpya. Acheni hata ukanda mmoja wa ardhi.

Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani iliyozinduliwa mwaka 2017 imefanya watu wengi wapande miti, na hilo ni jema. Ila kijani kimeeleweka kama miti na ukoka wa kumwagilia, wakati ardhi yenyewe ina uwezo wake ikipewa nafasi. Wilayani Kondoa walionyesha mapema: chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika maeneo yaliyomomonyoka vibaya, na uoto ukarudi. Wakulima wanaofuata njia ya Kisiki Hai wanafanya kazi hiyo hiyo shambani, wakichagua machipukizi ya visiki vya zamani na kuyatunza badala ya kununua miche. Nyumbani unaweza kuanza hivyo hivyo: msimu wa kwanza usipalilie kona yako yote, tazama kinachoota, uliza wazee majina yake, ng'oa kile cha kigeni kinachovamia.

Mbegu kusanya kuanzia Aprili, maganda ya mbegu yakigeuka kahawia kabla hayajapasuka. Chukua kidogo kwenye mimea mingi, usimalize mmoja, wala usichimbe mmea mzima porini au kuchuma ndani ya hifadhi. Zianike kivulini, ziweke kwenye bahasha ya kaki pakavu, ziandike jina na mahali. Novemba zichanganye na mchanga, zimwage, zikandamize kwa mguu bila kuzifukia sana. Za mgunga zina ganda gumu: zimwagie maji ya moto, zilale humo usiku kucha, kesho zipande.

Dawa ya wadudu isipigwe kwenye kitu kilichochanua, na pale inapobidi shambani, ipigwe jioni nyuki wakiwa wamerudi. Kiangazi weka sahani ya maji yenye kokoto za kukanyagia, ukibadilisha maji kila siku. Nyuki wa asali wakihamia darini, mwite mfugaji wa nyuki, usiwachome moto. Mabua makavu yaache yasimame hadi karibu na mvua, maana ndani yake wamo wanaosubiri kutoka. Ukiyakata, yalaze pembeni ya uzio wiki chache kabla ya kuyapeleka kwenye mboji.