Je, wajua? Maji yakipoteza rangi, uchafu bado unaweza kuwemo

Chukua maji yaliyotiwa rangi ya bluu iliyokolea. Ongeza kemikali nyeupe iitwayo sodiamu borohaidridi, kisha chembe za fedha ndogo mno, zile ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Subiri kidogo. Bluu inapauka, inafifia, inakwisha, na glasi inabaki na maji meupe. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo nilikuwa na jibu kabla ya kuulizwa: chembe zile zimeinasa rangi kama chujio linavyonasa takataka. Nikawaeleza hivyo na wengine, tena kwa kujiamini.

Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa pigo moja.

Kosa la kwanza ni hilo la kunasa. Vitu vya kunasa uchafu vipo, na makaa yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo ni mfano mzuri, ila yana tabia moja: yanajaa. Yakishajaa, uchafu wote bado upo, umehama tu kutoka majini ukaingia kwenye makaa. Chembe zile za fedha ni kichocheo, na kichocheo ni kitu kingine. Kiswahili kimekipa jina linalojieleza. Anayechochea moto haungui pamoja na kuni. Akimaliza hapa anahamia jiko la pili. Kadhalika chembe ya kichocheo hukutanisha molekuli, huharakisha mabadiliko ambayo yangechukua muda mrefu au yasingetokea kabisa, kisha hubaki ilivyokuwa ikingoja molekuli nyingine. (Hiyo ni nadharia. Kwa vitendo chembe hugandamana, uso wake hufunikwa na mabaki, na kasi hushuka.)

Kosa la pili liliniuma zaidi, kwa sababu macho yangu ndiyo yaliyokuwa shahidi. Nilidhani rangi ikiisha, kilichokuwa na rangi kimeisha. Aliyenitoa ujinga ni chupa. Ndani yake mna maji, glukosi, sodiamu haidroksidi na matone machache ya bluu ya methileni, yaani rangi ileile inayopendwa katika maonyesho ya vichocheo. Ukiiacha chupa imetulia, bluu inatoweka yenyewe. Ukiitikisa, hewa inachanganyika na maji na bluu inarudi papo hapo. Iache tena, inatoweka. Itikise, hii hapa. Nimeitikisa mara nyingi kuliko elimu ilivyohitaji.

Maelezo yake ni haya. Molekuli ya bluu ya methileni hufyonza mwanga mwekundu, hasa ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 664 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na jicho hupokea bluu iliyobaki. Ikipewa elektroni mbili na hidrojeni, mpangilio wake hubadilika kidogo na haifyonzi tena mwanga huo. Kwa jicho imekufa. Kwa kemia iko hai, na karibu atomu zake zote ziko mahali pake. Oksijeni ikija kuchukua elektroni hizo, bluu inarudi. Zile chembe za fedha katika glasi yangu zilikuwa zinafanya kazi hiyo hasa: kupitisha elektroni kutoka borohaidridi kwenda kwenye rangi. Hazikusafisha kitu. Zilikibadilisha nguo.

Basi uchafu wa kikaboni, yaani ule ulioundwa kwa kaboni kama rangi za viwandani, mabaki ya dawa au viuatilifu, unavunjwaje kweli na chembe za nano, hizo ndogo mno? Njia ni kadhaa. Mwaka 1894 Henry Fenton wa Uingereza alieleza jinsi chuma na haidrojeni peroksidi vinavyoshirikiana kushambulia asidi ya kikaboni, na leo chembe ndogo za oksidi ya chuma hutumiwa kwa mtindo unaofanana na huo. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba titani dioksidi ikimulikwa inaweza kupasua maji. Hii ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa titani dioksidi ni unga mweupe uleule unaotiwa kwenye rangi za kuta, na hakuna anayeutazama ukuta akafikiri una kipaji.

Fikiria ukumbi wenye viti chini na roshani juu. Chini kila kiti kina mtu. Roshani ni tupu. Kwa kuwa chini kumebanana, hakuna anayeweza kusogea. Hizo ndizo elektroni ndani ya titani dioksidi. Mwanga ukimrusha mmoja mpaka roshani, mambo mawili hutokea: aliye juu anatembea atakavyo, na kile kiti kitupu nacho kinaanza “kutembea”, kwa sababu jirani anahamia hapo, jirani yake naye anahamia alipotoka huyo, na utupu unasonga mbele.

Urefu wa kufika roshani ni elektronivolti 3.2 hivi (elektronivolti ni kipimo cha nishati), kwa hiyo unahitajika mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 390. Mwanga wa kawaida ni ngazi fupi. Hata ukileta ngazi fupi elfu moja, huwezi kuziunganisha. Kila mmoja anapanda ya kwake na hakuna anayefika. Ndiyo maana jua kali halisaidii kama tungetarajia: ni takriban asilimia 5 tu ya nishati yake inayofika ardhini kama urujuanimno.

Kinachofuata ni mbio. Aliye juu huelekea kurudi kwenye kiti kitupu, na akirudi, nishati inapotea kama joto. Kazi inafanyika tu ikiwa mmoja wao atafika mlangoni kabla, yaani kwenye uso wa chembe unaogusana na maji. Hapa ndipo udogo unapolipa. Katika ukumbi mpana wengi hukutana njiani. Katika chumba kidogo kila mtu yuko karibu na mlango. Na milango ni mingi: mchemraba wa sentimita moja una uso wa sentimita za mraba 6, lakini ukiukatakata kuwa michemraba ya nanomita 10 unapata mita za mraba 600, zaidi ya viwanja viwili vya tenisi. Hata hivyo kupunguza zaidi na zaidi si lazima kuwe bora. Chembe ikiwa ndogo mno roshani yenyewe hupanda juu, na aliye juu hukaa karibu mno na kiti kitupu kiasi kwamba kukutana tena kunakuwa rahisi.

Mlangoni, kiti kitupu huyapora maji elektroni na kuacha radikali ya haidroksili, yaani kipande cha molekuli ya maji chenye njaa ya elektroni. Huyu ni mwizi asiyechagua: huipora hidrojeni karibu molekuli yoyote ya kikaboni, na huishi kwa sehemu za bilioni za sekunde tu. Uporaji ukiendelea, molekuli hukatika vipande mpaka kubaki kaboni dioksidi na maji. Wakati mwingine kiti kitupu huushambulia uchafu moja kwa moja bila mwizi huyo. Nani anafanya zaidi hutegemea uchafu wenyewe na hali ya maji.

Kutochagua huko ndiko kunakoharibu matokeo mazuri ya maabara. Maji ya mto yana bikaboneti (chumvi iliyoyeyuka) na mabaki ya mimea iliyooza, navyo huporwa vilevile, hivyo mabaki ya dawa yaliyomo kwa uchache husubiri zamu yao. Kisha kuna swali la kuzitoa chembe zenyewe majini. Zile za oksidi ya chuma angalau huvutwa kwa sumaku. Nyingine hugandishwa juu ya kioo au kauri, na hapo sehemu ya ule uso mpana inapotea.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na picha ya maji yaliyogeuka meupe, natafuta kipimo cha kaboni ya kikaboni iliyobaki majini, yaani kaboni iliyomo bado ndani ya molekuli za uchafu. Kama hakipo, nakumbuka 4-nitrofenoli, uchafu mwingine wa kikaboni. Katika maji yenye borohaidridi ina rangi ya manjano. Tia chembe za dhahabu na manjano inakwisha ndani ya dakika chache, onyesho safi kabisa. Kilichobaki kwenye glasi ni 4-aminofenoli, haina rangi, ina kaboni sita zilezile. Viwandani hutengenezewa parasetamoli. Ikiwa peke yake, imeonekana kudhuru figo za panya wa maabara.