Maana ya jamii katika kamusi elezo ya mtandaoni

Mtu akisema kwamba simba ni mnyama wa jamii ya paka, hakuna anayeuliza anakusudia nini: simba, chui na duma wana jambo linalowakutanisha na paka wa nyumbani, na kwa sababu ya jambo hilo tunawataja pamoja. Wikipedia ya Kiswahili hutumia neno hilohilo, na kwa maana iyo hiyo, kuliita kundi la kurasa zenye jambo moja linalozikutanisha. Mgeni huenda akalichanganya na jamii kwa maana ya umma, na wapo wanaopendelea kusema kategoria, lakini kinachotajwa ni kilekile, yaani jina linaloandikwa ndani ya ukurasa ili ukurasa huo uorodheshwe pamoja na wenzake.

Wikipedia ilianza Januari 2001 bila jamii. Aliyetaka kuwaonyesha wasomaji milima yote iliyokwisha kuandikiwa ukurasa alilazimika kutunga orodha kwa mkono na kuirudia kila ukurasa mpya ulipoanzishwa. Mwaka 2004 uwezo wa kupanga kwa jamii uliongezwa kwenye MediaWiki, programu inayoendesha kamusi elezo hiyo, na tangu hapo kazi ya kutunga orodha imeachiwa mashine. Mhariri huandika [[Jamii:Milima ya Afrika]], kwa kawaida mwishoni mwa ukurasa, na akishahifadhi badiliko lake, jina la jamii huonekana chini ya makala, na jina la makala huingia lenyewe katika orodha ya jamii hiyo. Kutokana na utaratibu huu, orodha iliyomo katika ukurasa wa jamii haikuandikwa na mtu yeyote, na haihaririki. Anayetaka kuondoa mlima uliowekwa mahali pasipo pake atafungua ukurasa wa jamii, atabonyeza sehemu ya kuhariri, na hataliona jina la mlima huo humo ndani. Hana budi kwenda kwenye makala yenyewe na kufuta mstari wa jamii huko. Nukta mbili nazo zina kazi yake: ukiandika [[:Jamii:Milima ya Afrika]], ukitanguliza nukta mbili kabla ya neno jamii, unapata kiungo cha kawaida cha kuielekea jamii hiyo, bila kuuingiza ukurasa wako ndani yake.

Tofauti na maktaba ni kubwa. Kitabu ni kimoja na rafu yake ni moja, hivyo mkutubi hulazimika kuamua kama kitabu kuhusu historia ya hisabati kikae kwenye historia au kwenye hisabati. Ukurasa wa mtandaoni haubanwi na sharti hilo. Makala kuhusu Wangari Maathai inaweza kuwa katika jamii ya waliozaliwa mwaka 1940, ya waliofariki mwaka 2011, ya wanasiasa wa Kenya na ya washindi wa Tuzo ya Nobel, yote kwa wakati mmoja, na msomaji akaifikia kwa njia yoyote kati ya hizo.

Jamii yenyewe huwekwa ndani ya jamii iliyo pana zaidi. Jamii ya milima ya Tanzania huingia katika jamii ya milima ya Afrika, na hiyo huingia katika jamii ya milima. Desturi ni kwamba makala huwekwa katika jamii iliyo finyu kuliko zote zinazoifaa, na hairudiwi katika zile zilizo juu yake, kwa kuwa jamii pana ikibebeshwa kila kitu hugeuka orodha ndefu isiyomsaidia mtu. Programu huonyesha kurasa 200 tu kwa mara moja, na anayetaka nyingine hugeuza karatasi, kama kwenye kitabu.

Ngazi hizi zina mtego ambao hata wahariri wazoefu hunaswa nao. Jamii nyingine ni za vitu vya aina moja na nyingine ni za mada, na kwa bahati nzuri sarufi ya Kiswahili huionyesha tofauti hiyo waziwazi. Jamii ya "Wanamuziki" ni ya watu, na kila kilichomo sharti kiwe mwanamuziki; jamii ya "Muziki" ni ya mada, na humo wamo wanamuziki, ala, mitindo na hata studio. Mtu akizichanganya hizi mbili, mnyororo hupotoka bila kelele. Jamii ya nchi ina jamii ya Ufaransa, jamii ya Ufaransa ina jamii ya Paris, na ndani ya Paris kuna Mnara wa Eiffel: kila hatua ni sahihi, ila anayeshuka ngazi hizo akidhani kwamba kila kilicho chini ni aina ya kilicho juu ataishia kusema kwamba mnara ni nchi. Binadamu hucheka na kuendelea. Kompyuta iliyopewa kazi ya kukusanya majina yote yaliyo chini ya jamii ya nchi haicheki. Programu haimzuii mtu hata kufunga duara, yaani kuiweka jamii ya kwanza ndani ya ya pili na ya pili ndani ya ya kwanza. Kwa hiyo taswira ya mti wenye shina na matawi, inayopendwa sana na wanaofundisha wahariri wapya, naiona inapotosha kidogo. Jamii zinafanana zaidi na wavu.

Liko tatizo jingine ambalo miongozo iliyotafsiriwa hailigusi, nalo ni la alfabeti. Programu hupanga kurasa kwa herufi ya kwanza ya jina la makala, na kwa Kiswahili herufi hiyo mara nyingi ni kiambishi au jina la aina ya kitu. Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya, Mlima Meru na Mlima Elgon zote huanguka chini ya M. Maziwa yote, kwa kuwa majina yake huanza na neno Ziwa, huwa chini ya Z. Jamii ndogo za watu hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu waandishi, wachezaji, wanasiasa, wanajeshi na wanamuziki wote hurundikana chini ya W, na orodha iliyopaswa kumwongoza msomaji inakuwa lundo la herufi moja. Dawa ipo, nayo ni kuandika alama ya wima na baada yake neno la kupangia: [[Jamii:Milima ya Afrika|Kilimanjaro]] huupeleka mlima huo chini ya K, huku jina lake likiendelea kusomeka kamili. Ukurasa wa Wangari Maathai huandikiwa "Maathai, Wangari" kwa njia hiyohiyo, apatikane kwa jina la ukoo. Ukiacha nafasi tupu baada ya ile alama ya wima, makala hupanda juu kabisa ya orodha kabla ya herufi A, na hapo ndipo huwekwa makala kuu inayoieleza jamii nzima.

Swali gumu kuliko yote si la alama bali la uamuzi: ni jambo gani kuhusu mtu au kitu linalostahili kuwa jamii? Kipimo kinachotumika ni sifa bainifu, yaani ile ambayo waandishi wa kuaminika huitaja wanapomtambulisha mhusika. Mwanasayansi aliyewahi kucheza kandanda shuleni si mchezaji wa kandanda. Tahadhari inahitajika kwa sababu jamii haina nafasi ya maelezo. Ndani ya makala unaweza kuandika kwamba fulani alituhumiwa, akakana, kesi ikafutwa, na ukataja chanzo. Jamii ya wahalifu husema ndiyo au hapana, basi. Ndiyo maana kwa watu walio hai, jamii zinazohusu dini, maradhi au makosa ya jinai huwekwa tu pale ambapo makala yenyewe inathibitisha jambo hilo kwa vyanzo.

Mwaka 2013 suala hili lilitoka nje ya duru za wahariri. Mwandishi wa riwaya Amanda Filipacchi alieleza katika gazeti la New York Times kwamba kwenye Wikipedia ya Kiingereza wanawake walikuwa wakiondolewa, jina baada ya jina, kutoka jamii ya waandishi wa riwaya wa Marekani na kuhamishiwa jamii ndogo ya wanawake, hali ambayo ingeiacha jamii kuu ikiwa ya wanaume peke yao. Aliyewahamisha angeweza kujitetea kwa ile desturi ya kutafuta jamii finyu zaidi, na hapo ndipo desturi hiyo inapofikia ukomo wake: jamii ndogo inayotokana na jinsia humwongezea mtu mahali pa kupatikana, haimwondoi katika jamii kuu.

Jamii nyingine hazikusudiwi msomaji kabisa. Kurasa zisizo na vyanzo, picha zenye kasoro, na makala fupi ziitwazo mbegu hukusanywa katika jamii za matengenezo ili wahariri wajue pa kuanzia, na baadhi ya jamii hizo hufichwa zisionekane chini ya makala. Nyingi huletwa na kigezo, yaani kipande kilichotayarishwa mapema ambacho mhariri hukibandika ukurasani kwa kukitaja jina tu: ukibandika kigezo cha mbegu, jamii huja nacho. Mhariri anayeitafuta jamii hiyo katika maandishi ya ukurasa ili aifute hataiona hata akisoma mstari kwa mstari. Akisharefusha makala ikatosha, anaondoa kigezo, na jamii inaondoka pamoja nacho.